Tone la Kuonja

Siku ya mahafali ya binti yangu sikuwa na malaria. Nilikuwa nimelewa.

Kwa miaka sita nilisema ni malaria. Nilimwambia mama yangu, nilimwambia mdogo wangu, niliwaambia wafanyakazi wenzangu walioniletea machungwa. Kesho yake nilikwenda hata zahanati, nikatolewa damu kidoleni, na mhudumu aliponiambia kipimo hakionyeshi kitu nilimweleza, kwa utulivu wa mtu mwenye shahada mbili, kwamba kuna malaria inayojificha. Baadaye niliandika makala ya gazeti kuhusu mbu wa Dodoma. Ilisifiwa. Msomaji mmoja aliandika kwamba inaonekana mwandishi ameteseka kweli kweli.

Kilichotokea ni hiki. Nilikwenda kwenye mahafali nikiwa na chupa ya chai ndani ya mkoba, na ndani ya chupa hiyo kulikuwa na mvinyo mweupe, ule mtamu wa huku kwetu, uliolala kwenye friji tangu jana yake. Nilijiambia ni kwa ajili ya joto. Tulikaa chini ya hema tangu saa mbili asubuhi, hotuba zikafuatana, na kila mgeni alipotambulishwa mimi nilimimina kifuniko kimoja. Wageni walikuwa wengi. Jina la binti yangu liliposomwa alipanda jukwaani na joho lake, akageuka kunitafuta kwenye viti vya wazazi. Hakuniona. Nilikuwa chini, kati ya safu mbili za viti, na akina mama wawili wasionijua walikuwa wananipepea kwa karatasi ya ratiba. Aliyeniinua ni yeye. Alinishika kwapani akiwa bado na joho, akanipandisha kwenye bajaji, akaniambia nilaze kichwa.

Hakuniuliza kitu. Wakati ule niliona ni bahati.

Alipangiwa kufundisha Bahi. Bahi si mbali. Ukitoka mjini mapema unaweza kunywa chai ya asubuhi huko. Mwaka wa kwanza alikuja kila mwisho wa wiki. Mwaka wa pili alikuja likizo. Baada ya hapo ikawa ni ujumbe wa simu: Shikamoo mama. Nami nilijibu: Marahaba mwanangu, hujambo? Akajibu: Sijambo. Mimi kazi yangu ni maneno, nahariri ripoti za wizara mchana na jioni naandika makala, lakini kwa mwanangu nilibaki na salamu tu, kama mtu aliyeanza kujifunza Kiswahili juzi. Nilikuwa namkumbuka mtu aliye hai, mwenye simu, aliyekaa ng'ambo tu ya majaruba ya mpunga. Nilipopita dukani na kuona kalamu nyekundu za kusahihishia nilinunua, nikamwekea. Droo ilijaa.

Kisha Jumapili moja akaja mdogo wangu. Yeye anafanya kazi Chamwino, ofisi ya wilaya, na ana tabia ya kuleta habari kama anayewasilisha barua: anaiweka mezani kwanza, halafu anasubiri uifungue.

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Umesimama, dada."

Nikakaa.

"Mtoto amepata mchumba. Mwalimu mwenzake. Wanakuja kujitambulisha baada ya mavuno, Mlali, kwa mama."

Nilipiga kigelegele. Kilitoka chembamba, kwa sababu katikati yake nilikumbuka kuuliza: "Mbona hajanipigia mimi?"

Mdogo wangu aliangalia kucha zake. "Amesema kwenye mkeka nikae mimi."

Inabidi nieleze mkeka. Katika ukoo wetu wakwe wakija, mama wa binti hukaa kwenye mkeka mlangoni, analetewa kibuyu cha pombe ya mtama, anakunywa funda moja mbele ya watu wote, anameza, anafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, kisha anampa mama wa kijana. Maana yake: humu hamna kitu kibaya, kunyweni. Mpaka hapo hakuna mgeni anayegusa chochote. Na anayeonja ndiye mama. Ukoo hauulizi cheti cha kuzaliwa. Akikaa mama mdogo, basi kuanzia siku hiyo wakwe watamjua mama mdogo; ujauzito ukija ataitwa yeye, mtoto akizaliwa ataitwa yeye.

"Mimi ndiye niliyemzaa," nilisema.

"Hakuna anayebisha. Ila anasema wewe ukipewa kibuyu hutakirudisha."

Tuliangaliana, na kwa sekunde moja nusura tucheke wote wawili, maana ilikuwa kweli. Kisha mdogo wangu akafuta macho, nami nikaenda jikoni kutafuta glasi. Nilitaka ule mkeka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na jambo la kwanza nililofanya kwa ajili yake ni kwenda kunywa.

*

Dodoma ina vikao vingi kuliko mji wowote niliowahi kuishi. Kuna vikao vya kuandaa vikao. Lakini kikao cha watu walioshindwa na chupa hakuna aliyekuwa anakijua, au aliyekijua hakuthubutu kukitaja. Nilitafuta kwenye simu, nikapata vya miji mingine na vya nchi nyingine. Nilijiunga na kimoja cha mtandaoni, nikafunga kamera, nikasikiliza watu wakizungumzia theluji, nikatoka.

Nilichokitafuta nilikipata kwenye duka la dawa, nilipokwenda kununua dawa ya kiungulia. Muuza dawa alikuwa mama wa rika langu, miwani yake ikining'inia kwenye uzi.

"Hii ni mara ya ngapi mwezi huu, dada yangu?"

"Nakula pilipili sana."

"Pilipili ya kwenye chupa?"

Akachukua kibahasha kidogo cha vidonge, na pale ambapo huandikwa moja kutwa mara tatu, akaandika: Jumamosi, saa nne asubuhi, darasa la chekechea nyuma ya kanisa.

"Na hii nameza kabla au baada ya kula?" niliuliza, kwa kiburi.

"Hii ni wiki mara moja. Ikizidi unanipigia."

Jumamosi ya kwanza nilipita nje nikiwa na miwani ya jua, kilemba na barakoa, na mtu mmoja akanisalimia kwa cheo changu. Ya pili nilifika mpaka getini. Ya tatu niliingia.

Walikuwa kama watu kumi, wamekaa kwenye viti vya watoto wa miaka minne. Ni vigumu kuwa na hadhi kwenye kiti cha namna ile. Magoti yanakuja kifuani, na mkoba hauna pa kwenda. Ukutani kulikuwa na alfabeti yenye picha. Mwalimu wa pale, bila nia mbaya, alikuwa ameandika Z ni Zabibu. Nilikaa ninaitazama. Yule muuza dawa alikuwepo, lakini hakuwa muuza dawa: alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha bluu kama sisi. Mwongozaji alikuwa dereva mstaafu wa magari ya serikali, mrefu, aliyekunjwa pale kama mwavuli. Na kando yangu alikuwa mama wa Bahi, mkulima wa mpunga, ambaye zamani alikuwa akipika pombe ya kuuza na kuinywa.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Wenzangu wote walikuwa wamesema wakiwa wamekaa, lakini mimi ni mtu wa semina, nimehudhuria warsha maisha yangu yote, na miguu iliniinua yenyewe.

"Ndugu mwenyekiti, ndugu wajumbe, itifaki imezingatiwa."

Nikahamishia mkoba bega la pili.

"Kabla sijaendelea, naomba daftari la mahudhurio nisaini."

"Unataka kusaini ulevi?" aliuliza mama wa Bahi.

Walicheka mpaka mtu mmoja akaanguka na kiti chake. Dereva alifuta macho. "Mama, hapa hatuna meza kuu. Kaa. Hicho kiti kinaonekana kidogo lakini kitakubeba."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Nilikuwa nimeuandika, aya mbili, na mwisho mzuri. Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema, "Siku ya mahafali ya binti yangu niliugua malaria."

"Wewe malaria," akasema mama wa Bahi kwa upole, "mimi ilikuwa presha. Mwenyekiti huyu alikuwa na mgongo."

"Mgongo mbaya sana," dereva alikubali. "Ulikuwa unanishika kuanzia Morogoro mpaka hapa."

Ndipo nikasema. Sikutumia ile karatasi.

Hawakunipa ushauri. Huo ndio utaratibu wao: mtu anasema, wengine wanasikia, halafu inapita chai ya tangawizi na karanga. Walinipa namba tatu za simu na sheria moja. Unapiga kabla ya glasi, siyo baada.

"Baada ya glasi hatupokei," alisema dereva. "Baada ya glasi unakuwa unatafuta msikilizaji. Msaada ulikuwa kabla."

*

Watu hudhani mtu akiacha pombe anaishi kwa furaha ya kuacha. Mimi niliishi kwa kutamani. Ilipofika saa kumi jioni, upepo ukianza kuokota vumbi na mifuko barabarani, mwili wangu wote uligeuka upande wa friji kama ng'ombe anayejua njia ya birikani. Nilitamani ubaridi wa glasi kwenye kiganja. Nilitamani ule utamu wa kwanza, na zaidi ya utamu, yule mwanamke niliyekuwa naye baada ya glasi mbili, mcheshi, asiyeogopa mtu, ambaye aliandika aya nzuri (au aya alizoziona nzuri, nimezisoma tena, nyingi zinarudia neno "kimsingi"). Mwenzangu wa ofisini aliniambia, "Siku hizi umekuwa kimya, dada. Unaumwa?" Ilibidi nijizuie nisimjibu kwa mazoea.

Niliyempigia zaidi ni mama wa Bahi. Hakuwa na salamu ndefu.

"Umeshika?"

"Bado."

"Uko umbali gani?"

"Niko dukani, mbele ya friji."

"Nunua chumvi urudi nyumbani."

Nilinunua chumvi. Kwa sababu hiyo jikoni kwangu mpaka leo kuna chumvi ya kutosha kukausha ng'ombe mzima.

Kuna siku nilimuuliza kama anamfahamu mwalimu mmoja huko Bahi, msichana mrefu, anayevaa saa mkono wa kulia. Nilisikia maji ya jaruba yakitembea miguuni mwake. "Walimu nawaona wakipita," alisema. "Lakini mimi si dirisha lako, dada." Aliniudhi siku nzima. Alikuwa sahihi, ndiyo maana.

Baada ya wiki kadhaa za viti vidogo nilimwandikia binti yangu. Nilihariri ule ujumbe mara nyingi mno, nikaondoa vivumishi, nikaondoa maelezo ya joto na hotuba, mpaka ukabaki hivi: Siku ya mahafali yako sikuwa na malaria. Nikatuma. Alijibu siku ya pili, jioni.

Najua mama. Mimi ndiye niliyekushika.

Halafu, baada ya dakika kadhaa, kama aliyekumbuka kufunga mlango taratibu: Shikamoo.

*

Mavuno yalipokaribia nilikwenda Mlali kumwona mama. Nilipanda basi mpaka Kongwa, kisha bodaboda. Nilimkuta uani anapeta mtama, na hakusimamisha ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimeacha pombe, mama."

Ungo ukasimama. "Umeokoka?"

"Hapana. Nimeacha tu."

"Mtu anaachaje bila kuokoka?"

Nilimweleza habari ya darasa na viti. Alisikiliza kwa adabu ya mtu anayesimuliwa ndoto ya mwenzake. Kisha nikatoa nililolifuata: akubali nikae mimi kwenye mkeka, na kwenye kibuyu nitiliwe togwa.

"Togwa ni ya watoto na wagonjwa," alisema mama. "Wakwe wakiona mama wa binti ameletewa chake peke yake, wao watakunywa nini? Watasema kile kingine tumekitia kitu. Utakuwa umemharibia mtoto kabla hajaolewa."

"Mimi ni mgonjwa, mama."

"Wa nini?"

Nilimtazama. Ana miaka zaidi ya themanini, na pombe yake ya mtama inasifiwa vijiji vitatu.

Alirudia kupeta. Baadaye, bila kuniangalia, akasema, "Sikia. Onja tone moja. Tone linafika wapi? Utagusisha mdomo, utameza, basi. Huyo mdogo wako nitamwambia mimi, na mjukuu wangu nitamwambia mimi. Mji huu ni wangu. Nikisema umekaa, umekaa."

Mdomo wangu ulijaa mate. Sisemi kwa mfano, ilibidi nimeze.

Nilirudi Dodoma na furaha niliyokuwa nimeisahau. Nilijiona kwenye mkeka, kitenge kipya, binti yangu nyuma yangu, wakwe wakiniita mama. Nilikiona kibuyu kikija. Nilijua uzito wake, nilijua ile harufu ya uchachu inayopanda kutoka chini ukikiinamia. Basi lilikuwa limeshaingia barabara kuu nilipogundua kwamba kila nilipoirudia ile picha, binti yangu alikuwa anazidi kufifia na kibuyu kinazidi kuja karibu. Nilikuwa nimepewa vyote viwili kwa mkono mmoja, na sikuweza tena kusema kwa uhakika ni kipi nilichokuwa nimekifuata Mlali.

Jumamosi niliwaambia wale wa viti vidogo. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama hoja.

"Unataka tukwambie nini?" aliuliza muuza dawa.

"Niambieni ni tone tu."

"Ni tone tu," alisema mama wa Bahi. "Mimi nimepika pombe miaka thelathini, dada. Kila asubuhi nilionja tone tu, nijue kama imeiva."

Hakuna aliyecheka. Dereva aliinuka kwa shida akaenda kumimina chai.

Niliondoka sijaamua. Au nilikuwa nimeamua na sikutaka kujua ni lipi.

*

Kesho yake nilitoka kanisani nikabandika mlenda. Simu ilikuwa kwenye kiti cha jikoni. Ilipoita niliona jina la binti yangu, nikaiacha iite mara tatu nzima, kwa sababu nilitaka kuliangalia. Hakuwa amenipigia kwa muda mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo, imekuwa ya mwalimu. Nilikuwa sijui hilo.

"Bibi amenipigia. Anasema utakaa wewe, na utaonja tone."

"Ndivyo alivyosema."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilifurahi."

Nilisikia upepo wa Bahi kwenye simu yake, na kuku. Nilijua kwamba akisema "sawa mama" mara moja tu, nitakwenda nitakaa, na sitaweza kumlaumu mtu.

"Mwanangu," nikasema, "hilo tone nalitaka. Nimekuwa nikiliwaza tangu nitoke Mlali. Naliwaza kuliko ninavyokuwaza wewe, na wewe nakuwaza kila siku. Usiniweke pale. Mkeka mpe mama yako mdogo. Bibi nitamwambia mimi mwenyewe, atanitukana, nitasikiliza."

Niliita jina lake, jina la utotoni, nikidhani simu imekatika.

"Nipo," alisema. Alikuwa anavuta kamasi. "Watamwita yeye mama, unajua? Wakwe."

"Najua."

"Utakaa wapi?"

"Na wanawake wengine. Nitaimba. Sauti bado ninayo."

"Mama, huwezi kuimba."

"Basi nitapiga makofi."

Kitu kikatoka upande wa pili, kikohozi au kicheko. Mlenda ulianza kupanda kwenye sufuria na sikuweza kuufikia bila kuiweka simu chini, kwa hiyo sikuufikia.

"Mama mdogo hajui kusuka," alisema ghafla.

"Nini?"

"Wanakuja Jumamosi ile. Nataka kusukwa Alhamisi. Yeye anavuta mpaka macho yanataka kutoka, na saluni ya hapa siitaki. Uje huku kwangu, usiningoje Mlali."

"Bahi?"

"Ndiyo, Bahi. Kuna kitanda cha pili."

"Nikusuke twende kilioni?"

"Mama! Siku ya wakwe?"

"Uso wako unapendeza nywele zikirudi nyuma."

"Zikirudi nyuma naonekana kama bibi."

"Bibi yako alikuwa mzuri sana."

Mlenda ulimwagika, moto ukazima, jikoni kukajaa moshi. Tuliendelea kubishana habari ya nywele, yeye akitaka nyembamba, mimi nikimwambia nyembamba zitatuchukua mpaka jioni, yeye akisema hata zikichukua mpaka Ijumaa, mpaka chaji yake ilipoisha.